Linaimba Likifika Themanini

Gari lilipopandishwa kwenye jeki, Kinyozi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Alisimama katika banda la fundi wa magurudumu, mikono nyuma, kama ndugu wa mgonjwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, lenye umri wa miaka kumi na minane. Lingekuwa mtu lingeshapiga kura. Maisha yake yote lilikuwa limetembelea rimu zile zile za inchi kumi na sita lilizotoka nazo kiwandani. Leo lilikuwa linapandishwa cheo. Rimu nne za inchi kumi na tisa, nyeusi, zenye spoki kumi kila moja, zilikuwa zimeegemezwa ukutani pamoja na matairi yake mapana, na Kinyozi alikuwa amezitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha ya harusi yake.

Fundi aliitwa Profesa, kwa sababu ya miwani aliyoivaa kwenye paji la uso na ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikishuka hadi machoni.

"Zimetoka wapi hizi?" Kinyozi aliuliza.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Mzee, ng'ambo ni ng'ambo. Ukishavuka maji umefika."

Kinyozi alichuchumaa. Katikati ya kila rimu palikuwa na kifuniko kidogo cha duara. Vitatu vilikuwa vya rangi ya fedha, vyenye nyota. Cha nne kilikuwa cheusi, kitupu, kimebandikwa kwa gundi.

"Hiki mbona hakifanani na wenzake?"

"Chake kilipotelea melini. Gurudumu likizunguka, nani atakiona?"

Hilo lilikuwa jibu la kisomi na Kinyozi akalikubali. Profesa alizifunga rimu moja moja kwenye mashine ya kusawazisha, akazizungusha, akabandika vipande vya risasi mahali palipopungua uzito. Ya kwanza ilitaka vipande viwili. Ya pili vitatu. Ya tatu viwili. Ile yenye kifuniko cheusi ilimeza vipande kumi na kimoja, na bado mashine ikawa inatikisa kichwa.

"Hii ni mkaidi," Profesa alisema, akaizima mashine kabla haijamaliza kutoa maoni. Akaifunga mbele, upande wa abiria. Kisha akachukua nyundo na kuukunja ukingo wa ndani wa bodi ili tairi pana lisikwaruze, na kila pigo Kinyozi alilisikia kwenye meno yake.

Rimu za zamani zilibaki pale bandani kama sehemu ya malipo. Sehemu nyingine ya malipo ilikuwa kiti cha kunyolea, kile kizuri, kinachozunguka na kulala. Saluni ya Kinyozi ilikuwa na viti viwili tangu siku alipoifungua. Sasa ilikuwa na kimoja na benchi.

Sababu ya yote haya ilikuwa mlinzi wa geti. Muhula uliopita, siku ya wazazi katika shule ya bweni ya binti yake, Kinyozi alifika na gari lake jekundu, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Mlinzi aliyatazama magurudumu yale madogo yaliyopotelea chini ya bodi, akamsalimia kwa heshima zote, akasema, "Karibu mzee. Baiskeli tunaegesha nyuma ya jiko." Wasichana waliokuwa getini walicheka mpaka wakashikana mabega. Muhula mzima binti yake aliitwa Mtoto wa Baiskeli, mpaka na mwalimu mmoja akajisahau akamwita hivyo darasani. Binti hakulia wala kununa, alianza kuitikia. Hilo ndilo lililomwuma baba yake.

&nbsp;

Nyumbani huyo binti aliitwa Kidomo, na jina halikumwonea. Alitoka nje na mswaki mdomoni, akalizunguka gari mara mbili.

"Baba, limevaa viatu vya mjomba."

"Ingia ndani ukasukutue."

"Lisijikwae tu. Shikamoo gari."

Mama Kidomo alitoka nyuma yake, bado na vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi. Kazi yake hospitalini ilikuwa kufunga plasta kwenye mifupa iliyovunjika, miaka kumi na tisa sasa, na ilimpa tabia ya kuvitazama vitu kana kwamba vinaficha maumivu. Alilitazama gari. Akamtazama mumewe.

"Nimepita saluni. Kile kiti kingine kiko wapi?"

"Kimepumzika."

"Kimepumzika wapi?"

"Mama Kidomo, mbele ya mtoto?"

"Mtoto ana miaka kumi na sita na anajua kuhesabu viti."

"Vilikuwa viwili," Kidomo alisema.

Jumapili waliingia wote garini kwenda kulijaribu. Mama alikunjwa nyuma, magoti karibu na kidevu, maana kiti cha nyuma cha gari la spoti hutengenezwa na watu wasiopenda binadamu. Kidomo alikaa mbele. Barabara kuu ilikuwa nyeupe na tupu. Mshale ulipanda sitini, sabini, na ulipofika themanini kitu kilianza kulia chini ya sakafu. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya chini, ndefu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo.

"Baba," Kidomo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania, "kuna mtu anaimba chini ya miguu yangu."

"Hiyo ndiyo spoti yenyewe."

"Punguza mwendo," mama alisema kutoka nyuma.

Alipunguza hadi sabini, sauti ikanyamaza. Alipanda themanini, ikaanza pale pale ilipoachia. Kidomo aliinua miguu yake kutoka sakafuni, akaiweka juu ya kiti, akaikumbatia. Hakuishusha mpaka walipofika nyumbani. Kinyozi, yeye, aliipenda sauti ile. Ilimkumbusha mashine yake ya kunyolea ilipokuwa mpya. Wiki nzima aliwatangazia wateja: "Likifika themanini, linaimba." Na mipango ilikuwa imekamilika: Jumamosi shule zinafunguliwa. Kilomita mia moja na arobaini za barabara kuu, Kidomo mbele, sanduku nyuma, na mlinzi wa geti mwisho wa safari.

&nbsp;

Jumatatu, mwanamke mmoja alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni, akiwa na nguo zilizopigwa pasi mkononi. Alikuwa wa umri wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Alilitazama gari mpaka mteja aliyekuwa kitini akamaliza kunyolewa, na yule aliyefuata akamaliza, ndipo akaondoka.

Jumanne alikuja tena. Safari hii alivuka.

"Kinyozi, umepata mchumba," alisema mteja mwenye povu kidevuni. Benchi zima likacheka.

"Huyo ni Dobi," alisema mwingine. "Mama wa yule kijana aliyekufa mwaka jana kule kwenye barabara kuu. Alikuwa anakimbiza gari kama mwendawazimu."

"Ehe, nakumbuka," Kinyozi alisema, akigeuza kichwa cha mteja kwa vidole viwili. "Vijana wa siku hizi wanadhani barabara imejengwa na baba zao."

"Maskini. Basi sasa kila gari analitazama."

"Kila gari wapi? Hapo nje yapo manne. Analitazama hilo moja."

Kinyozi alizima mashine. Kupitia mlangoni aliona Dobi amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, upande wa abiria. Alikuwa anapitisha kidole juu ya spoki moja baada ya nyingine, polepole, kama anayehesabu. Kwenye moja alisimama. Alibaki hapo na kidole chake.

Jumatano alikuja na ndoo ndogo na mswaki wa meno uliochakaa. Bila kumwambia mtu, alipiga magoti na kuanza kuyaosha magurudumu, ndani ya kila pembe, kwa ustadi wa mtu aliyekwishafanya kazi hiyo mara nyingi. Benchi lilichungulia. Kisha likaanza kucheka, na kicheko kile ndicho kilichomtoa Kinyozi nje akiwa na aproni.

"Mama, sikuomba kuoshewa."

"Najua, baba."

"Sasa?"

"Umezipata wapi?"

"Nimenunua. Kwa pesa yangu. Kuna tatizo?"

Dobi alimtazama. Macho yake hayakuwa na machozi wala hasira, yalikuwa yanasubiri.

"Linaimba?" aliuliza.

Kinyozi alitaka kumwuliza amejuaje. Lakini benchi zima lilikuwa mlangoni likitazama, na mwanamume mwenye benchi nyuma yake hana uhuru mkubwa. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akamwekea kiganjani kilicholowa.

"Chukua, mama. Ya sabuni. Usirudi tena hapa, unafukuza wateja."

Dobi aliitazama ile sarafu. Akaiweka juu ya tairi, taratibu, kama anayerudisha kitu kilichodondoshwa na mwingine. Akachukua ndoo yake akaondoka. Sarafu ilikaa pale mpaka Kinyozi alipowasha gari kwenda nyumbani, ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

&nbsp;

Ijumaa mchana Mama Kidomo alikuwa anafunga sanduku la shule mgeni alipobisha hodi.

"Karibu. Karibu ndani, mama, mbona unasimama kizingitini?"

Dobi alikaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Aliyakataa maji, kisha akayakubali, kisha hakuyanywa.

"Mwanangu," alisema, "sikuja kudai kitu. Nimeambiwa kesho mnampeleka binti shule kwa lile gari."

"Nani amekuambia?"

"Mumeo amemwambia kila mwenye nywele."

Mama Kidomo alikaribia kucheka. Kidomo, aliyekuwa anakunja shuka mlangoni, alicheka kabisa, halafu akanyamaza, maana Dobi alikuwa amemgeukia na kumtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Unakaa mbele?"

"Ndiyo, mama."

"Upande wa abiria." Dobi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amejijibu mwenyewe. "Zile rimu ni za mwanangu. Alikuwa fundi umeme, alijinyima miaka miwili akazinunua. Kila Jumamosi tulikuwa tunaziosha pamoja, mimi kwa mswaki wangu na yeye kwa wake, na alikuwa ananitukana kwamba naosha kama napiga pasi. Moja ina pengo kwenye spoki. Ni mimi. Nilimfungulia geti vibaya, komeo likaigonga. Hakusema neno siku nzima. Jioni akaniambia, mama, nimekusamehe, lakini rimu bado inafikiria."

Alitabasamu kidogo. Hakuna aliyemfuata.

"Wiki mbili kabla, gari likaanza kuimba. Likifika themanini. Akafurahi! Akanipandisha ili nisikie. Nikamwambia, mwanangu, hii sauti siipendi. Akaniambia, mama, wewe umezoea muziki wa kanisani tu."

Mama Kidomo aliacha kukunja soksi.

"Gari lilikutwa ndani ya mtaro. Afande akaandika mwendo kasi. Msibani kila mtu akasema mwendo kasi. Wengine walikuwa wanalisema huku wanakula. Mimi nilirudi barabarani kwa miguu. Hatua mia mbili kabla ya mahali gari lilipolala, katikati ya barabara iliyonyooka, niliokota hiki."

Alifungua fundo la leso. Ndani palikuwa na kifuniko kidogo cha duara, cha rangi ya fedha, chenye nyota.

"Nikampelekea afande. Nikamwambia, afande, kwa nini hiki kiwe kule na gari liwe huku? Gurudumu lilianza kuvunjika kabla, siyo baada. Akaniambia, mama, nenda kapumzike. Gari nililiuza kama chuma chakavu. Nikasema jambo moja tu: magurudumu yayeyushwe. Wakaniapia wanunuzi wote, kwa zamu."

Kidomo alikuwa amekwishatoka. Waliposikia mlango wa geti nao wakatoka, wakamkuta ameinama mbele ya gari. Baba yake alikuwa ameliacha nyumbani leo ili lipumzike kabla ya safari. Kidomo alikuwa amebandua kifuniko cheusi kwa kijiko. Gundi ilikuwa inaning'inia kama ute.

"Nipe, mama," alisema.

Dobi alimpa. Kidomo akakisukuma mahali pake. Kiliingia na kutoa mlio mmoja, tik, kama mlango wa kabati unaofungwa na mwenye nyumba.

Mama Kidomo ndiye aliyeiona miguu ya binti yake, ile ile aliyokuwa ameiinua kutoka sakafuni, ikirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye gurudumu.

&nbsp;

Kinyozi aliporudi, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, alimkuta mkewe amekaa juu ya sanduku la shule, na sanduku liko katikati ya njia.

"Kidomo hapandi gari lile."

"Nimesikia yule mwanamke alikuja hapa."

"Alikuja."

"Anataka nini? Anazitaka? Aseme bei basi! Mtu ana huzuni yake, ninamwonea huruma, lakini mimi nimetoa kiti changu, Mama Kidomo. Kiti! Wateja wanakaa kwenye benchi kama wanasubiri hukumu."

"Hataki kitu."

"Kila mtu anataka kitu."

"Amekuuliza kama linaimba, na hukumjibu."

Wiki nzima Kinyozi alikuwa amelijibu swali lile kwa kila aliyeingia saluni, hata wasioliuliza.

"Fundi mzuri anaweza kuchomelea," alisema kwa sauti ndogo. "Hata wewe unaunga mifupa."

"Mimi siungi. Mimi nafunga tu plasta na kuomba. Mfupa unajiunga wenyewe kwa sababu una damu. Rimu ina nini?"

Kinyozi alilala chali chini ya gari akiwa na tochi na wembe, wembe wake wa kazini, kwa sababu ndicho chombo alichokiamini duniani. Mke na binti waliiona miguu yake tu, na soksi moja iliyotoboka. Upande wa ndani wa rimu ulikuwa mweusi tii, umepakwa rangi nene kuliko za wenzake. Alianza kuikwangua taratibu, kwa pembe ile ile anayoitumia kwenye shingo za wazee. Rangi ilitoka vipande vipande, ikamwangukia usoni. Chini yake paliinuka mshono wa kuchomelea, mnene, wa kijivu, uliojikunja nusu ya mzunguko kama kovu la mtu aliyepasuliwa kwa haraka. Na pembeni ya mshono, kwenye chuma kisichoguswa, palikuwa na unywele.

Aliupuliza. Haukuondoka. Aliusukuma kwa ncha ya wembe. Kinyozi alikuwa ametumia miaka ishirini na tatu ya maisha yake kuondoa unywele juu ya kitu, na hakuna binadamu aliyejua zaidi yake jinsi unywele unavyotii. Huu haukutii. Ncha ya wembe ilizama ndani yake. Ulikuwa ufa.

Alikaa chini ya gari muda mrefu kiasi kwamba Kidomo aliita, "Baba?"

"Nipo," alisema. Sauti ilitoka kana kwamba ni ya gari.

&nbsp;

Alimpigia Profesa simu palepale, mgongo ukiwa na vumbi, spika ikiwa wazi na simu ameiweka juu ya boneti.

"Mzee, mambo ya nini hayo," Profesa alisema alipokwisha kusikiliza. "Kama roho imekataa, zirudishe. Rimu zako ndogo bado zipo. Nazifunga sasa hivi, na kiti chako bado sijakiuza, nakalia mwenyewe. Tunamaliza bila ugomvi. Kuna dereva wa teksi anazitaka hizo tangu juzi, tena leo hii. Ila ziwe zote nne. Tatu sizitaki, tatu ni baiskeli ya mtoto."

Kinyozi alifumba macho. Kila kitu kilikuwa kimerudi mezani: magurudumu, kiti, safari ya kesho. Hakuna ambaye angejua. Mkewe alikuwa anamtazama. Aliyesema alikuwa Kidomo. Alisema kwa upole, kama anayeuliza saa.

"Baba, huyo dereva wa teksi ana watoto?"

"Unasemaje, mzee?" Profesa aliuliza simuni. "Nimwite?"

Kinyozi alikata simu.

&nbsp;

Jumamosi alfajiri gari lilikuwa limekaa juu ya matofali upande mmoja, kama mtu aliyepakata mguu. Wote watatu wa nyumba ile walikwenda nyumbani kwa Dobi, Kinyozi akiisukuma rimu mbele yake barabarani, bila tairi, inchi kumi na tisa za fedheha. Njiani aliwasalimia wateja sita. Wote walimwuliza inakwenda wapi, na wote aliwaambia inakwenda kwao.

Ua la Dobi lilikuwa na kamba tisa za nguo za watu. Komeo la geti lilikuwa la chuma, refu, lililotokeza nje kwa kiasi cha kidole. Kinyozi alilipita kwa uangalifu.

"Nimekuletea," alisema. Alitaka kuongeza jambo kuhusu ile sarafu, akakosa mahali pa kulianzia. "Mama, ile siku ya Jumatano..."

"Iegemeze hapo kwenye jiwe," Dobi alisema. Alikuwa ameazima nyundo ya waashi, ile kubwa ya kuvunjia mawe. Kinyozi alinyoosha mkono aipokee. Hakupewa.

Dobi aliiinua mara moja. Mikono yake ilikuwa imeinua pasi ya mkaa kwa miaka arobaini, na nyundo ilishuka bila haraka yoyote. Rimu ilipasuka kwenye mshono, ikaendelea kupasuka ikifuata ule unywele, ikalala chini vipande viwili. Kilichosikika kilikuwa kidogo sana. Hata kuku wa jirani hakukimbia.

Dobi aliviangalia vile vipande, nyundo bado mkononi.

"Pigo moja," alisema. "La mwanamke mzee." Kisha: "Hakuwa anakimbia."

"Hakuwa anakimbia, mama," alisema Mama Kidomo.

"Hakuwa," alisema Kidomo.

Dobi alimgeukia Kinyozi. Ilibidi naye aseme, na kabla hajasema alilisikia benchi lake lote likicheka, na yeye mwenyewe, akigeuza kichwa cha mteja kwa vidole viwili, akisema vijana wa siku hizi.

"Hakuwa anakimbia."

"Mimi nimelisema mwaka mzima," Dobi alisema. "Nikisema mimi, wanasema huyo ni mama. Wewe una kiti ambacho kila mtu anakikalia."

Kipande kimoja alibaki nacho. Cha pili alikipeleka kituoni siku hiyohiyo akakiweka juu ya meza ya afande, karibu kabisa na kikombe chake cha chai. Afande alimwambia akapumzike. Alijibu kwamba amekwishapumzika, akavuta kiti. Profesa alifunga banda wiki ile. Majirani walisema amekwenda likizo ya masomo, na kiti cha Kinyozi kilikwenda naye.

Kidomo alifika shuleni kwa basi, saa tisa mchana, baba yake nyuma akiwa na sanduku begani na jasho mpaka kwenye nyusi. Mlinzi wa geti alichungulia barabarani, kushoto, kulia.

"Mzee! Leo baiskeli iko wapi?"

Wasichana walikuwepo, na walikuwa tayari. Kinyozi aliteremsha sanduku.

"Imepumzika," alisema.

"Nipe, baba," Kidomo alisema, akashika mpini wa upande mmoja, wakaingia nalo pamoja, wakipita kando ya mlinzi bila kupunguza mwendo.

&nbsp;

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa yule wa povu kidevuni. Alikaa kwenye kiti kilichobaki, akafungwa kitambaa shingoni, akainamisha kichwa. Kinyozi aliwasha mashine.

Ililia kwa sauti ya chini, ndefu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo.

Alinyoa nusu ya kichwa. Kisha mkono ukasimama hewani. Alizima mashine, shingo imeinama upande mmoja, kama anayesubiri mtu amalize kusema.

"Vipi?" mteja aliuliza, akijipapasa upande uliokwisha. "Umeme umekatika?"

"Hapana."

"Basi malizia, bwana. Nina kazi."

"Nitamalizia. Unamkumbuka yule kijana wa Dobi?"

"Yule aliyekuwa anakimbiza..."

"Kaa vizuri," Kinyozi alisema, na akamwekea mkono begani, kwa upole lakini kwa uzito, na benchi zima likamgeukia. "Kwanza sikiliza."